Hesabu Kwanza, Giaboksi Baadaye

Jumanne jioni binamu yangu alinipigia simu akiwa kwenye maegesho ya chini ya jengo moja Westlands. Hakunisalimu. Alisema tu, "Skiza," akasogeza simu dirishani. Nikasikia tairi zikilia kwenye sakafu ya simiti, kisha kishindo, kisha kimya. Alikuwa anapanda ile njia ya kuzunguka, usukani umekunjwa hadi mwisho, na gari linajivuta kama limefungwa breki ya mkono.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX, toleo la zamani la GC8, limebadilishwa tabo, limebadilishwa klachi, na juzi likabadilishwa giaboksi kwa sababu ile ya kwanza ilishindwa na nguvu mpya. Kisha giaboksi hiyo mpya ikahukumiwa kuwa imekufa, ikanunuliwa nyingine. Hii aliyokuwa akinisikizisha ilikuwa ya tatu. Amelipia mbili katika wiki tano, na kila moja ilimeza zaidi ya mshahara wake wa mwezi.

"Sasa fundi amesema aje?"

"Amesema tutoe propela, ile shafti ya kupeleka nguvu nyuma, nitembelee magurudumu ya mbele tu mpaka tupate giaboksi ingine."

Hapo ndipo nilipandwa na hasira, na ndiyo sababu naandika haya usiku huu badala ya kulala.

Kwenye giaboksi hii ya gia tano, difu ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma na kuruhusu pande hizo zipishane kasi, iko huru, na viskasi, kifaa kilichojaa silikoni nzito, ndiyo inayoizuia isikimbie. Ukiitoa propela ya nyuma, nguvu ya injini inakimbilia upande usio na mzigo, na kinachobaki kusukuma gari ni viskasi peke yake. Ile silikoni ndani yake inachemka, na ukiendesha hivyo siku chache umeiua viskasi iliyokuwa nzima. Kwa hiyo ushauri wa kuokoa pesa ungeleta hasara ya tatu. Na nina uhakika fundi hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amefika mwisho wa kubahatisha, na hilo ndilo linaloniuma. Tumezoea Nairobi hii kutafuta ugonjwa wa gari kwa kununua spea. Unabadilisha hiki, haikupona, unabadilisha kile. Mwenye gari ndiye anayelipia masomo.

Jumamosi nilienda naye garage, huko Industrial Area. Nilibeba chaki.

Kwanza tulizunguka kwenye uwanja wa lami, gia ya kwanza, usukani umeisha. Gari likiwa baridi liligoma kidogo tu. Tukaliendesha nusu saa, tukarudi, tukazunguka tena: sasa lilikuwa linaruka kabisa, tairi la mbele linakwaruza, linaachia, linakwaruza. Kisha tukaingia kwenye murram nyuma ya ghala, na pale likazunguka vizuri tu. Dalili hizo tatu kwa pamoja zinasema mengi. Kwenye kona, magurudumu ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma, na difu ya katikati ndiyo inayosamehe tofauti hiyo. Ikikataa kusamehe, lazima tairi liteleze, na kwenye lami kavu halitelezi kirahisi. Kwenye murram linateleza bila wewe kujua. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 hapa kwetu na Impreza, na wengi wetu tuliipenda gari hii kwa sababu ya vumbi lile. Lakini vumbi huficha ugonjwa huu. Anayeishi ndani ndani kwenye barabara ya udongo anaweza kukaa nao miezi.

Fundi alisema, "Si unaona? Viskasi imekufa. Ndiyo nasema giaboksi."

Nilimwambia, "Fundi, huenda imekufa. Lakini mbili mfululizo? Tuulize ni nini kinaziua."

Tulipima tairi kwanza, kwa kamba na futi, kuzunguka kila moja. Subaru wanataka mzingo wa tairi zote nne usitofautiane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Watu hudhani hiyo ni ukali wa bure. Fanya hesabu: tairi jipya lina milimita 8 za meno, lako la zamani limebaki na 3. Tofauti ya 5 kwenye meno ni zaidi ya milimita 31 kwenye mzingo. Ukipata pancha ukanunua tairi moja tu la mtumba kando ya barabara, umeiwekea difu ya katikati kazi isiyoisha, hata ukienda moja kwa moja Thika Road. Za binamu yangu zilikuwa sawa, zote nne.

Basi tukainua gari lote juu ya stendi nne. Tukafungua bolti nne za propela pale inaposhikana na difu ya nyuma, tukaifunga kwa waya isining'inie vibaya. Nikachora mstari wa chaki kwenye flenji ya difu, pale propela inapofungwa, na mwingine kwenye tairi. Binamu yangu akashika gurudumu la kulia, mimi la kushoto, tukayazungusha pamoja polepole mara kumi, na fundi akalala chini akahesabu flenji. Akahesabu kwa sauti. Ilipofika ya kumi ya tairi, flenji ilikuwa imezunguka mara 41 na kidogo. Difu ya nyuma ni 4.11, yaani tairi likizunguka mara moja, flenji inazunguka mara 4.11.

Kisha tukahamia mbele. Injini imezimwa, gia ya kwanza imeingizwa, propela bado imeunganishwa na giaboksi. Tukazungusha magurudumu mawili ya mbele pamoja mara kumi. Hapa ni kazi, viskasi inakubishia ukienda haraka, kwa hivyo tulienda pole sana, jasho likitutoka. Fundi alihesabu propela. Nilimsikia akipita 41, akaendelea. 42. 43. 44. Tulipoacha, mstari wa chaki ulikuwa karibu nusu ya mzunguko wa arobaini na tano.

Fundi alinyamaza chini ya gari. Kisha akasema, "Tuhesabu tena." Tukahesabu tena. Jibu lilikuwa lile lile.

Giaboksi ilitoka kwenye STI, Impreza ya nguvu zaidi, ya 4.44, difu ya nyuma ni ile ya gari lenyewe, 4.11. Mbele na nyuma zinapishana kwa asilimia 8. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, kwa tairi za kawaida za gari hili, ndani ya giaboksi pande mbili zinapishana zaidi ya mizunguko 200 kila dakika, barabara ikiwa imenyooka kabisa. Viskasi inapata moto, inashika, na ukiingia kona unasikia gari linagoma. Giaboksi zote mbili zilitoka duka moja, rafu moja, Kirinyaga Road, na zote ni za aina hiyo hiyo. Ungeweka ya nne, ya tano, ya sita, zote zingeenda njia moja.

Nikubali jambo moja, ingawa silipendi. Fundi halipwi kwa kupima. Mwambie mteja wa Nairobi, "Nimekaa saa mbili nikihesabu, nipe pesa," atakuuliza umebadilisha nini. Sisi wenye magari tumewafundisha mafundi kwamba kazi ni kitu kinachofungwa kwa spana. Siku ile tulimlipa kwa kuhesabu, bei ya saa mbili za kazi, na nilimwomba binamu yangu asipunguze hata shilingi.

Wenye Subaru Forester za zamani za otomatiki, yenu ni tofauti kidogo: kwenye nyingi, chini ya boneti kuna tundu la fyuzi limeandikwa FWD, yaani nguvu iende magurudumu ya mbele tu. Weka fyuzi, taa iwake kwenye dashibodi, uzunguke tena. Ugumu ukipotea, usikubali mtu ateremshe transmisheni nzima. Klachi ya nyuma na solenoidi yake, vali ya umeme inayoiendesha, ziko mkiani mwa transmisheni, zinafikiwa bila kuishusha. Wenye STI za gia sita, kama gari lako lina lile gurudumu dogo la kurekebisha difu ya katikati, ifungueni nalo kabla ya kulaumu chochote.

Ile giaboksi iliyohukumiwa kwanza ilisharudishwa dukani kwa bei ya chuma chakavu. Pengine haikuwa na ubaya siku inafungwa. Hii iliyopo itahitaji viskasi mpya, maana imeshaungua vya kutosha, na oili iliyotoka ilinuka moshi.

Jumamosi ijayo tunaenda Kirinyaga Road kutafuta difu ya nyuma ya 4.44. Chaki iko mfukoni, na muuzaji asiyekubali tuizungushe mara kumi mbele yake, tunapita tunaenda duka linalofuata.