Ushirikiano wa hospitali za saratani uanzie kwenye chupa ya sampuli

Hospitali kubwa za vyuo vikuu zikitia saini makubaliano ya kushirikiana kwenye saratani, kinachotangazwa huwa ni mashine, jengo na nafasi za masomo nje ya nchi. Vyote hivyo tunavihitaji. Lakini mfano mzuri kuliko yote tulio nao Afrika Mashariki unaonyesha kitu kingine: watoto walipona kwa sababu hospitali kadhaa zilikubaliana kufanya mambo yaleyale kwa namna moja, na kuandika kila walichofanya.

Mfano wenyewe ni wa limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za damu za kinga inayoanza kama uvimbe wa taya au tumbo na kuwapata watoto wetu. Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, na hospitali mbili za vyuo vikuu za Nigeria, ya Ibadan na ya Ile-Ife, zilifuata mwongozo mmoja wa tiba chini ya INCTR, mtandao wa kimataifa wa tiba na utafiti wa saratani. Kabla ya hapo, waliokuwa wakinusurika katika hospitali hizo walikadiriwa kuwa asilimia 10 hadi 20 tu. Matokeo ya wagonjwa 356 yalichapishwa mwaka 2012, mwandishi wa kwanza akiwa Twalib Ngoma wa Ocean Road: asilimia 67 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, na asilimia 62 baada ya miaka miwili. Dawa zilikuwa saiklofosfamaidi, vinkristini na methotreksati, pamoja na dawa za kuchomwa kwenye uti wa mgongo. Zote ni dawa za zamani. Kilichoongezwa ni utaratibu mmoja, na dawa za awamu ya pili kwa mtoto ambaye uvimbe haukuisha au ulirudi mapema.

Ndiyo maana naamini makubaliano yoyote mapya kati ya, tuseme, hospitali za Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza, Mulago ya Kampala na ile ya Eldoret, Kenya, yapimwe kwanza kwa mambo ya chini kabisa. La kwanza ni chupa ya sampuli.

Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kinatakiwa kiingie kwenye formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, ya asilimia 10 yenye bafa (chumvi za kuzuia isiwe na asidi), na formalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama chenyewe. Chupa iwe na mdomo mpana. Kosa linaloonekana kila mahali ni bonge la nyama kushindiliwa kwenye kikopo kidogo na kumwagiwa formalini kidogo juu yake. Formalini hupenya taratibu, takriban milimita moja kwa saa, kwa hiyo pembeni kunakaa vizuri huku katikati kunaoza. Bonge kubwa lichanjwe vipande vya unene wa milimita 5 hadi 10 kabla ya kulowekwa. Kinyama kilichowekwa kwenye maji ya dripu kwa sababu formalini imeisha kinaharibika kabla hakijafika maabara, na hakuna utaalamu wa patholojia, yaani uchunguzi wa vinyama kwa hadubini, utakaokirudisha.

Kwenye saratani ya titi hasara hiyo ina sura ya wazi. Sampuli inatakiwa iingie kwenye formalini ndani ya saa moja tangu ikatwe, na ikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Ikikosewa, kipimo cha vipokezi vya estrojeni, alama kwenye seli zinazoonyesha kuwa saratani hiyo itasikia dawa za homoni, kinaweza kusema havipo wakati vipo. Mama huyo atanyimwa tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu ambacho angemeza nyumbani kwa miaka, kwa sababu tu kopo lilikaa juu ya meza ya chumba cha upasuaji kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Kwa hiyo fomu ya pamoja iwe na nafasi mbili ambazo fomu nyingi hazina: saa ya kukatwa na saa ya kuingia kwenye formalini. Jina na namba ya mgonjwa viandikwe ubavuni mwa chupa, kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Kwenye kioo cha slaidi iandikwe kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti.

Historia ya Burkitt yenyewe inapita kwenye sampuli zilizosafiri. Denis Burkitt alieleza uvimbe huu mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala. Baadaye vinyama vilikuwa vikisafirishwa kwa ndege hadi maabara ya Anthony Epstein, London. Kimoja kilicheleweshwa na ukungu, ndege ikaelekezwa Manchester, na kilipofika maji yake yalikuwa na ukungu pia. Wangeweza kukitupa wakidhani kimeingiwa na bakteria. Walipotazama kwa hadubini wakakuta seli hai zinaelea, na kutoka kwenye seli za namna hiyo ndipo kirusi cha Epstein-Barr, kinachohusishwa na uvimbe huu, kilipoonekana mwaka 1964. Ugunduzi ule ulihitaji watu wa pande zote mbili, aliyekata kinyama Kampala na aliyekaa na hadubini London. Ila mtoto aliyelazwa leo hawezi kuachiwa bahati ya hali ya hewa. Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na jibu la patholojia likichukua wiki tatu linaweza kukuta kitanda tayari kina mgonjwa mwingine. Hospitali zinazoshirikiana zikubaliane siku za jibu, na jibu litumwe kwa simu au barua pepe kwa daktari aliyetajwa kwa jina, karatasi ifuate baadaye.

Wodini nako kuna mambo ambayo hayavumilii tofauti za mazoea. Kipimo cha dawa hukokotolewa kwa eneo la mwili. Mtoto wa kilo 18 na urefu wa sentimita 108 ana mita za mraba 0.73 hivi. Mwongozo ukisema miligramu 1,200 kwa mita ya mraba, anapata takriban miligramu 880 za saiklofosfamaidi. Ukitumia uzito wa kwenye kadi ya zamani, kilo 22, unampa kama 975. Tena mtoto wa Burkitt mwenye tumbo lililojaa uvimbe hubadilika uzito haraka sana dawa zikianza kufanya kazi. Apimwe upya kila mzunguko, uzito na urefu, mizani ileile.

Uvimbe unapoyeyuka kwa kasi, taka za seli huziba figo. Dripu ya kama lita 3 kwa mita ya mraba kwa siku ianze kabla ya dawa, bila potasiamu ndani yake, pamoja na alopurinoli, kidonge cha kupunguza taka hizo, na mkojo upimwe na kuandikwa usiku kucha. Usiku ndipo inapoharibika: dripu inaisha saa nane, muuguzi mmoja ana wagonjwa thelathini, na asubuhi mtoto amevimba uso na mkojo hautoki. Hili halirekebishwi na hati ya makubaliano, linarekebishwa na muuguzi wa pili.

Na vinkristini. Ikiingia kwenye uti wa mgongo kwa makosa, huua, na karibu hakuna wa kuokolewa. Mtoto huyuhuyu anahitaji vinkristini ya mshipani na methotreksati ya mgongoni, na sindano mbili zinazofanana zikikaa kwenye trei moja, siku moja watu watazichanganya. Kinga inajulikana: vinkristini isiwekwe kwenye bomba la sindano kabisa, ichanganywe kwenye mfuko mdogo wa dripu wa mililita 50, kwa sababu hakuna atakayejaribu kuunganisha mfuko huo na sindano ya mgongo. Hospitali ambayo haijakubali hili sidhani kama iko tayari kuingia kwenye utafiti wa pamoja, hata kama ina profesa na maabara ya vinasaba.

Kuhusu vibali sitasema mengi. Kila nchi ina chombo chake cha maadili ya utafiti, kama NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kwa Tanzania, na ni haki yake. Kinachowezekana ni andiko moja na fomu moja ya ridhaa kupelekwa kote wiki ileile. Ridhaa ya tiba itenganishwe na ridhaa ya kuhifadhi kinyama, mzazi aweze kukubali moja na kukataa nyingine bila kunyimwa dawa. Bloku ya parafini, yaani kinyama kilichogandishwa ndani ya nta, ibaki hospitali ilikotoka, na kinachosafiri kiwe vipande vyembamba au picha za slaidi.

Lililo gumu zaidi ni wagonjwa wanaopotea. Mtoto anapata mizunguko miwili, uvimbe unanywea, familia inaona amepona, nauli imekwisha, hawarudi. Hospitali moja ikimwandika kuwa amefariki na nyingine ikimfuta kwenye hesabu, takwimu zao haziwezi kukaa kwenye jedwali moja, na ile ya pili itaonekana bora kuliko ilivyo. Kwa Burkitt, kurudi kwa ugonjwa baada ya mwaka mmoja ni nadra, hivyo miezi 12 ya kwanza ndiyo ya kulinda. Siku ya kulazwa zichukuliwe namba mbili za simu za ndugu na jina la mwenyekiti wa kitongoji. Bajeti ya utafiti iwe na fungu la nauli ya mzazi kwa kila mzunguko, na mtu mwenye vocha ambaye kazi yake ni kupiga simu siku moja kabla ya tarehe, na tena siku moja baada ya mtoto kukosekana.