Jesse Lee na Kitabu Kilichokataliwa

Ukitaja historia ya Wamethodisti, wengi wanakimbilia London, Mei 24, 1738, John Wesley, mwanzilishi wao, alipohisi moyo wake umepata joto. Mimi nampenda zaidi mtu anayetajwa kwa nadra: Jesse Lee wa Virginia, wa kwanza kuandika kitabu cha historia ya Wamethodisti wa Marekani.

Lee hakuwa mtu wa maktaba. Alikuwa mhubiri wa mzunguko, maisha yake juu ya farasi. Mwaka 1780, vita vya uhuru vikiendelea, aliingizwa jeshini kwa lazima. Akapewa bunduki, akakataa kuishika, maana dhamiri ilimzuia kuua. Wakamweka chini ya ulinzi, naye akaomba na kuhubiri hapohapo kambini. Mwishowe wakampa gari la mizigo aendeshe. Miaka kumi baadaye alikuwa Boston, amesimama juu ya meza chini ya mti katika uwanja wa wazi, anaimba ili wapita njia wasogee. Mtu wa namna hiyo akiandika, mimi nasoma.

Mkutano Mkuu wa kanisa la Wamethodisti wa 1808 ulikataa kuchapisha kazi yake. Hakurudi nyuma, mwaka 1810 kitabu kikatoka Baltimore bila baraka zao. Ndani yake kuna hesabu ya waumini mwaka baada ya mwaka, na ugomvi wa wakubwa haukufichwa. Kabla ya hapo, mwaka 1800, alikuwa amekosa uaskofu kwa kura nne tu, 55 kwa 59 za mshindani wake Richard Whatcoat, kwa hiyo wapo watakaosema aliandika kwa kinyongo. Mimi sioni hivyo. Naona mtu aliyekuwepo, asiyetaka mambo yapakwe rangi.

Mwanahistoria mwingine wa Wamethodisti, Nathan Bangs, alikuja baadaye na juzuu nne za historia hiyo, 1838 hadi 1841. Kazi kubwa, imepangika, lakini ni sauti ya ofisi ya kanisa. Na hata Lee hakutosha: ili tusikie jinsi Absalom Jones, mhubiri mweusi, alivyoinuliwa kwa nguvu akiwa amepiga magoti katika kanisa la St. George's, Philadelphia, kwa sababu ya weusi wake, ilibidi Richard Allen, mhubiri mweusi mwenzake, aandike mwenyewe.

Kinachonigusa kuliko yote ni jibu la Askofu Francis Asbury. Alipokiona kitabu cha Lee aliandika katika shajara yake kuwa ni kizuri kuliko alivyotarajia, ingawa hakikumpamba kila mahali, na kwamba sote hukosea. Akasahihisha jambo moja tu: kule Delaware, wakati wa vita, hakukaa bure, ukitoa kama miezi miwili ya kujificha, zilikuwa siku zake za kazi nyingi na mateso mengi kuliko zote. Hakuomba kitabu kiondolewe. Laiti wazee wetu wa kanisa wangesoma mistari ile kabla ya kukabidhiwa rasimu ya kitabu cha jubilei na kalamu nyekundu.