Kabla ya Kusema ni Uzee

Mzee akianza kuuliza swali lile lile mara tatu kabla hajanyanyuka kitini, walio karibu naye husema ni uzee, na mjadala huishia hapo. Naona hukumu hiyo hutolewa mapema mno, kwa sababu miongoni mwa mambo yanayoweza kumsahaulisha mtu hivyo umo upungufu wa vitamini B12, ambao hutambuliwa kwa kupima damu na hutibika kwa sindano au vidonge.

Vitamini hii hutunza mayelini, yaani utando wa mafuta unaozizunguka neva kama mpira unavyouzunguka waya wa umeme. Utando ukichakaa, taarifa hupita kwa kusuasua au hazifiki kabisa. Mara nyingi dalili huanzia miguuni, si kichwani: ganzi kwenye nyayo, kisha mwendo wa kuyumba, hasa gizani. Mtazame mgonjwa wa namna hiyo anaponawa uso. Akifumba macho tu kukwepa sabuni, hupepesuka na kushika ukingo wa sinki, maana neva za uti wa mgongo zimeacha kuuarifu ubongo miguu iko wapi, na macho ndiyo yaliyokuwa yakimsimamisha.

Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini huweka akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo anayeacha nyama, samaki, mayai na maziwa leo hataona lolote kesho. Wala kula vizuri si kinga kamili: tumbo la mzee likipungukiwa asidi, au mtu akitumia metfomini ya kisukari kwa miaka mingi, vitamini inaweza kuliwa na isifyonzwe.

Upungufu wa B12 hupunguza damu pia, na kinachoniudhi zaidi ni mazoea ya kumpa asidi ya foliki, vitamini nyingine ya kuongeza damu, mtu aliyepungukiwa damu bila kupima B12. Damu huongezeka, uso hunawiri, jamaa hufurahi, na neva huendelea kuharibika kimyakimya.

Sisemi kwamba kila usahaulifu ni vitamini. Maradhi ya Alzheimer, yanayoharibu ubongo na kumbukumbu polepole, yapo, na B12 haiyaponyi, hata kama wauza vidonge vya “kuongeza akili” wangependa tuamini vingine. Lakini upungufu ukigunduliwa mapema, kumbukumbu na mwendo vinaweza kurejea, na ukiachwa, sehemu ya madhara hubaki hata baada ya tiba. Kwa hiyo wanaompeleka mzee kliniki waulize kama kipimo cha B12 kimefanywa, na wakijibiwa kwamba wingi wa damu ni wa kawaida, waulize tena, kwa kuwa neva zinaweza kuathirika kabla damu haijaonyesha lolote.