Pesa ya makato si mtaji wa kuzungushia biashara

Jumapili jioni jirani yangu alibisha hodi, mkononi ana pesilipu ya Novemba iliyokunjwa mara nne hadi wino umeanza kufutika kwenye mikunjo. Ni mama wa makamo, anafunga mikate kwenye bekari ndogo hapa Mombasa, wafanyakazi saba. "Mwanangu, we ndiye wa hesabu. Hebu nitazamie hii."

Nikaitandaza mezani. Mshahara 20,000. NSSF, akiba ya uzeeni, 1,200. SHIF, bima ya afya, 550. Ushuru wa nyumba 300. Kodi sufuri, na ni sawa: ukishatoa makato hayo inabaki 17,950 ya kutozwa, asilimia 10 yake ni 1,795, na nafuu ya 2,400 ya kila mwezi inaimeza yote. Aliyepiga hesabu ile anaijua kazi yake. Lakini chini kabisa, kwa kalamu, pameandikwa: advansi 1,000.

"Advansi ya nini, Mama?"

Mwishoni mwa Oktoba kitindamimba wake alilazwa. Dirishani akaambiwa michango haionekani tangu Juni. Hakuelewa, maana pesilipu za miezi yote hiyo anazo, na kila moja imeandikwa SHIF 550. Akarudi kazini akilia. Bosi akampa 6,000 akalipe hospitali, na Novemba akaanza kumkata elfu moja moja hadi deni liishe. Tukaangalia na taarifa yake ya NSSF kwenye simu. Mei ndiyo ya mwisho.

Juni hadi Oktoba ni miezi mitano. SHIF na NSSF peke yake, upande wake yeye tu, ni 1,750 kwa mwezi: jumla 8,750. Yaani mama huyu amekopeshwa sehemu ya pesa zake mwenyewe, na sasa anadaiwa.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nawatengenezea watu daftari za mishahara, na kila Desemba nasikia swali lilelile kutoka kwa wenye biashara: KRA, wale wa kodi, wanataka nini, P9, zile karatasi za mwaka za mshahara na kodi ya kila mfanyakazi, zitoke lini. P9 ni mpaka Februari iishe, haya, tumelijibu hilo. Mbona hakuna anayeuliza kama alichomkata mfanyakazi kilifika kilikotakiwa kufika? Ukishaandika makato kwenye pesilipu, ile pesa si yako tena. Imekaa kwenye akaunti yako tu, kama mzigo wa mtu aliyekuomba umtunzie dukani. Huwezi kuufungua ukauza.

Na sheria haikuliacha hili kwa hiari ya mtu. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri apeleke makato ya kisheria kwa wakati wake, na asiyepeleka ametenda kosa: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Wengi nikiwaambia habari ya kifungo wananitazama kama ndio kwanza wanaisikia.

Najua biashara ni ngumu. Unga unapanda, hoteli zinachukua mikate leo na kulipa baada ya siku tisini. Najua pia kwamba mambo yamebadilika kwa kasi ya kuchosha: viwango vya NSSF vikipanda Februari hata Februari, ushuru wa nyumba ukarudi na sheria mpya Machi 2024, NHIF, bima ya afya ya zamani, ikaondoka na SHIF ikaingia Oktoba mwaka huohuo, na Desemba makato hayo yakaanza kutolewa kabla ya kupiga kodi. Anayekosea asilimia namwelewa, tunakaa tunarekebisha. Huyu wa bekari hakukosea asilimia hata moja.

Basi Desemba hii, kabla ya kupiga mshahara wa mwisho, chukua karatasi. Kila mfanyakazi ukurasa wake, kila mwezi mstari wake, na kwa kila mkato andika mambo matatu: kilichokatwa, kilichopelekwa, nambari ya risiti. Usitegemee kumbukumbu, wala neno la kijana anayekulipia. Risiti. Mwaka jana, kwenye karakana ya seremala mmoja, pesa zilikuwa zimetoka kila mwezi bila kukosa, lakini tarakimu mbili za kitambulisho cha fundi zilikuwa zimepishana, na michango ya miezi minane imekwama haina mwenyewe. Seremala alikuwa mtu mwaminifu kabisa. Bila ule mstari wa risiti asingejua, na fundi angekuja kugundua siku anastaafu.

Ukikuta pengo, anza na SHIF, kwa sababu maradhi hayangoji. Kisha NSSF, na kumbuka hapo na wewe una 1,200 yako juu ya 1,200 yake, kama ulivyo na 300 yako kwenye ushuru wa nyumba. Halafu waite wafanyakazi wenyewe uwaambie, mmoja mmoja, mwezi gani na kiasi gani. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Kulipa faini wanaweza, kumtazama mpika mikate usoni hawawezi.

Mengine ni mepesi. Bahasha ya sikukuu ni mapato, iingie kwenye hesabu. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka, zihesabu sasa. PIN zao za kodi zihakikishe kabla hujatoa P9.

Nilimwambia Mama nitakwenda naye bekari Jumatatu asubuhi, tukazungumze na bosi kwa adabu, na pesilipu zote mkononi. Akakataa. Mkataba wake unaisha Desemba 31, anangoja kuambiwa kama ataitwa tena Januari. "Usiende, mwanangu. Nilitaka kujua tu." Akaikunja pesilipu mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso, akaenda zake.