Mnyama wa Pima Ishirini

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kiko Ngamiani, Tanga. Nabadilisha skrini, nafufua simu zilizotumbukia chooni, na kompyuta nikiletewa siikimbii. Baharini nilikuwa nimesafiri mara moja tu maishani, kwenda arusini Pemba, na yote niyakumbukayo ya safari ile ni ndoo.

Sasa ilikuwaje nikajikuta usiku wa manane katikati ya Mkondo wa Pemba, naandika tabia za mnyama asiyejulikana na sayansi?

Aliyenitia mkenge ni Dakta. Ni mama mtafiti wa viumbe wa baharini, aliniletea kompyuta iliyoingia maji ya chumvi. Nikaipasua, nikaikausha, siku ya tatu ikawaka. Alipokuja kuichukua akaniambia kijana wake anayekaa na mashine baharini ameshikwa na homa, na boti linaondoka keshokutwa. "Fundi, wewe si unajua kompyuta?" Akauliza hivyo mbele ya wateja wanne. Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Boti lenyewe lilikuwa la mbao, la wavuvi, limekodiwa. Ubavuni wamefunga bomba la chuma lililosimama wima, na ncha yake iliyozama imebeba kichwa cha mashine, mfano wa sahani nene. Hiyo ndiyo sona. Kichwa kinapiga mlio kwenda chini, kilohezi 38, sikio la binadamu haliusikii. Mlio ukigonga chochote kisicho maji, sehemu yake inarudi. Sauti majini inakimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, basi mwangwi ukirudi baada ya nusu sekunde mashine inajua umetoka mita 375, inachora nukta kwenye skrini. Kazi yangu ilikuwa kuangalia nukta na kuandika daftari.

"Na samaki anajulikanaje?" nikauliza.

"Kwa hewa," akasema Dakta. "Samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni. Nyama yake karibu haina kelele, fundi. Kinachopiga kelele ni hewa."

Naomba uishike hiyo hewa. Mimi niliiacha ikapita.

Asubuhi, kabla ya kazi, Dakta aliipima mashine. Alitoa gololi la madini ya tungsteni, saizi ya mpira wa tenisi ya meza lakini lina uzito wa karibu nusu kilo, akalining'iniza chini ya boti kwa mishipi mitatu. Mwangwi wa gololi lile unajulikana kwa hesabu, kwa hiyo mashine ikilisoma vibaya unairekebisha. Mpishi alisimama pembeni na mwiko wake, akalitazama zoezi lote tangu mwanzo hadi mwisho bila kusema neno. Saa moja kabla yake alikuwa ameomba nafasi ya kreti la soda ndani ya sanduku la barafu. Dakta akamkatalia: barafu ni ya sampuli.

Tukatoka. Tulipokuwa tunapita karibu na miamba, Dakta akanipa amri moja: "Ukiona mstari wa chini unapanda, usiniulize mimi. Mpigie kelele nahodha."

Amri hiyo niliishika kwa mikono miwili. Miamba ilipita salama, tukaingia kilindini, na kuanzia hapo skrini ikatulia mchana kutwa: juu madoadoa, na kwenye mita 450 hivi utando mnene umetandazwa kama mkeka. Nikajiambia huo ndio mchanga.

Saa kumi na mbili na nusu jioni jua lilikuwa linazama nyuma ya Usambara, boti linakwenda, wali wa nazi umekauka vizuri, na mchuzi wa pweza unanukia mpaka kwenye turubai langu. Mkeka ukaanza kupanda.

Mita 400. Nikapangusa skrini kwa ncha ya shati. Mita 350. Mita 280. Nikachungulia nje: maji matupu, meusi. Nikarudi. Mita 200.

"Mwamba!" nikapiga yowe. "Nahodha, mwamba! Mwamba unakuja!"

Nahodha wetu ni mzee wa Kipemba. Mikono yake ilitii kabla kichwa hakijafikiri. Injini chini, usukani wote upande mmoja. Boti likalala. Sufuria ikateleza kutoka jikoni, mpishi akaikumbatia, ikamuunguza, akaiachia. Wali wote ukaenda baharini, na mchuzi wa pweza ukaufuata. Pweza yule alikuwa anarudi kwao.

Kimya. Nahodha akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Yakhe," akaniambia, "miaka arubaini napita hapa. Mwamba huo umejengwa lini?"

Dakta alikuja, akaitazama skrini, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akatueleza wote. Chini yetu pale kina kinapita mita 700, na mashine tuliiwekea ukomo wa mita 500, kwa hiyo mchanga wenyewe haukuwa hata unaonekana. Ule mkeka ni viumbe hai: vidagaa vya kilindini, vingine vina vitaa mwilini, pamoja na ngisi na kamba wadogo. Mchana wanajificha kwenye giza wasiliwe, jua likizama wanapanda kula, alfajiri wanashuka. Kila siku, katika bahari zote kuu. Nyumbu wa Serengeti wanapigiwa picha na dunia nzima, lakini msafara mkubwa zaidi wa wanyama duniani ni ule uliokuwa unapanda chini ya miguu yetu, na hauna hata kibao cha watalii.

"Usione haya," akasema. "Wamarekani wakati wa vita, mwaka 1942, walikuwa wanajaribu sona za kutafutia nyambizi nje ya California. Wakauona utando huu huu wakashindwa kuuelewa. Mpaka mwaka 1945 ndipo mtaalamu mmoja, Martin Johnson, akaonyesha kuwa unapanda na kushuka kwa kufuata jua. Kuna mabaharia walioripoti vina vya uongo, miamba ikachorwa kwenye ramani mahali pasipo na mwamba. Umekosea pamoja na jeshi la wanamaji la Marekani, fundi."

"Jeshi la wanamaji halikumwaga wali wangu," akasema mpishi.

Usiku ule tulikula biskuti na tende. Nahodha hakula tende, maana ana sukari, na mkewe alimwagiza mpishi mbele yetu sote bandarini: tamu asipewe. Mabaharia wawili waliniita "Mwamba" kila waliponipa kitu. "Mwamba, pokea biskuti." "Mwamba, sogea kidogo, au mpaka jua lizame?" Nikala kiapo kimoyomoyo kwamba sitapiga kelele tena katika boti lile hata nikimwona nyangumi ananichungulia. Nitakachokiona nitakiandika. Kikikamilika, nitakisoma.

Injini ikazimwa, boti likaachiwa lielee na mkondo, Dakta akalala. Mimi na skrini yangu.

Saa 3:40 usiku akatokea. Mstari mmoja mwekundu kama pilipili, mita 36 chini yetu, ambazo kwa hesabu ya mabaharia ni pima ishirini. Vidagaa walikuwa wanapita juu yake na chini yake kama vumbi. Yeye hatikisiki. Nusu saa nzima ametulia chini ya boti, anatuvizia.

Kisha akapanda. Daftari ninalo mpaka leo, nanukuu:

"Saa 4:15. Mnyama anapanda. Anapanda polepole, kwa mikupuo, kama anayevuta nguvu. Amefika juu, amepotea. Nadhani anapumua. Saa 4:19. Ameshuka kwa kasi, moja kwa moja, amesimama palepale pima ishirini."

Nilikuwa natetemeka. Mpishi, ambaye nilidhani bado ana kinyongo na mimi, akaja kwa hisani yake akaniwekea soda juu ya meza. Nikaipiga funda moja. Mdomo wa chupa ulikuwa na chumvi. Nikasema moyoni, huyu hajanawa mikono, nikaendelea na sayansi. Alama ya duara ya kitako cha chupa imo katika ukurasa ule, imelowesha neno "anapumua".

Akapanda tena saa 4:50. Tena saa 5:25. Nikaanza kumzoea. Nikagundua jambo ambalo hakuna mtafiti mvivu angeligundua: kila akishuka, mwangwi wake ni hafifu kuliko alivyopanda. Nikaandika: "Anachoka, au anakonda." Saa 7:10 nikaongeza: "Anakonda."

Nisimulie na upumbavu wangu wote, kwa kuwa nimeshaanza. Sisi Tanga ndio watu wa silikanti. Samaki yule wataalamu walidhani alishatoweka tangu enzi za dinosaria, akaja akapatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na tangu mwaka 2003 wavuvi wetu wamekuwa wakimnasa kwenye jarife walilotegea papa. Mpaka hifadhi ya bahari anayo. Basi nikajiuliza: kama huyo alikaa chini hapo miaka yote bila kuonwa, huyu wangu kwa nini asiwepo? Na kwa kuwa wataalamu humpa mnyama mpya jina la Kilatini, nikajaribu kuandika jina langu kwa Kilatini. Nililiandika mara tatu, ukurasa wa nyuma, na la tatu lilipendeza.

Saa 9:20 usiku akapanda, na safari hii kwa uvivu sana, akisimama njiani mara mbili tatu. Saa 11:30 alfajiri, mkeka wa vidagaa ukiwa unashuka kurudi gizani, mnyama wangu akapanda kwa mara ya mwisho. Hakurudi tena. Sitaficha: niliona huzuni.

Kwenye chai ya asubuhi nikasimama. Nilisoma kurasa zote mbili na nusu kwa sauti ya mtangazaji wa habari. Nilipofika kwenye "anapumua", Dakta aliweka kikombe chini. Uso wake ukawa mzito, nami nikazidi kupanua kifua.

"Pima ishirini kamili?" akauliza.

"Kamili."

"Hakusogea mbele wala nyuma?"

"Hata kidogo. Ana adabu ya ajabu."

"Na alikuwa akipanda kwa mikupuo. Hivi?" Akainyoosha mikono yake hewani, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayevuta kamba.

Mpishi akaacha kukoroga uji. Baharia mmoja akapaliwa na chai.

"Dakta, usinikasirikie," mpishi akasema. Akainama chini ya benchi, akatoa kipande cha jarife kuukuu kilichoshonwa kama mfuko, kimefungwa kamba ndefu. Ndani yake kreti zima, chupa 24 za kioo, tupu. "Jana asubuhi niliwaona mnaning'iniza lile gololi lenu. Nikasema, kumbe huku chini panatundikwa vitu. Na barafu mlininyima. Nikafunga kamba yangu kwenye bomba lile lile, ili nisiwaharibie utaratibu."

Mnyama wangu naye alitoka ndani ya jarife. Katika hilo tu nilibahatisha.

Dakta akaokota chupa moja, akaipindua mkononi, akanionyesha shingo yake: nafasi ya vidole viwili juu ya soda, kabla haijafunguliwa. "Kibofu cha hewa," akasema, na sauti ikamkatikia hapo. Alienda kusimama upande wa pili wa boti, ametupa mgongo, mabega yanatikisika.

Nikauliza kama soda ilipoa kweli huko chini, angalau nipate faida hiyo. Mpishi akasema ilipoa kidogo. Baharia akasema haikupoa hata chembe, ila usiku ukiwa na njaa huchagui.

Hapo nahodha, aliyekuwa anajifuta machozi ya kicheko, akaomba daftari. Alitaka kuonyesha mabaharia jinsi lilivyowaumbua, maana kila soda imeandikwa saa yake. Mpishi akawa anahesabu kwa vidole. Ya saa 4:15 niliivuta mimi, akasema. Ya 4:50, mimi na huyu. 5:25, huyu na yule. Wakaja mpaka saa 9:20.

"Saa tisa mimi nilikuwa nimelala," akasema mpishi.

"Na mimi," akasema baharia wa kwanza.

"Na mimi," akasema wa pili. "Zamu ilikuwa ya..."

Wote tukamgeukia nahodha. Mzee wa watu akalifunga daftari taratibu, akanirudishia.

"Hiyo ya saa tisa," akasema, "inaweza kuwa nyangumi."

Tulirudi Tanga. Jina la Mwamba likanifuata mpaka Ngamiani, na kwa kuwa siku hizi vijana wakimwita mtu mwamba wana maana ya jasiri, mtaani heshima ikapanda, nami sikumsahihisha mtu.

Mwezi uliofuata nahodha akaja kibandani na mkewe, simu imepasuka kioo.

"Mwamba, hujambo?"

"Shikamoo, nahodha. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema yule mama, akaketi, akatutazama sote wawili kwa zamu. "Mbona anakuita Mwamba? Alifanya nini huko?"

Nahodha akanitazama. Nami nikamtazama. Mkono wangu ulikuwa juu ya droo, na daftari limo ndani ya droo.

"Aliona nyangumi," akasema nahodha.

"Saa tisa na dakika ishirini usiku," nikasema.

"Mkubwa," akasema nahodha, akatoa pesa ya kioo bila kuuliza bei.