Peni ya Edward VIII ni ya bei gani?

Jumapili moja katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, mama mmoja alinifungulia kitambaa chenye sarafu kumi na nne alizoachiwa na mama mkwe wake. Tisa zilikuwa peni, zile za senti 10 zenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu zilizojikunja kulizunguka. Tatu kati ya hizo zilikuwa na maandishi EDWARDVS VIII, yaani Edward VIII, mfalme wa Uingereza, na mwaka 1936. Mwanawe alikuwa amesoma kwenye simu kwamba sarafu ya mfalme huyo iliuzwa pauni milioni 1 Uingereza, na mama tayari alikuwa anapiga hesabu ya karo.

Habari yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2020 sarafu ya dhahabu ya Edward VIII ilinunuliwa kwa kiasi hicho. Ni adimu kwa sababu mfalme aliachia kiti Desemba 1936, kabla pesa zenye sura yake hazijaingia mifukoni mwa Waingereza. Ndururu (senti 5) na peni za Afrika Mashariki hazikuhitaji sura, kwa kuwa tundu limekaa mahali pake, hivyo zilitengenezwa kwa wingi na zikanunua chumvi na kiberiti mpaka zikalika. Peni moja kama hiyo, ikiwa imelika, hainunui sahani ya samaki pale Dunga. Nilimwambia mama hivyo, na uso wake ulivyobadilika sijausahau.

Ndiyo maana naunga mkono wanaotaka sisi wakusanyaji tuwe na mwongozo wa bei mtandaoni, wa sarafu za huku kwetu na kwa lugha yetu. Ungemkinga mama huyo na matumaini ya bure, na ungemkinga zaidi na wale wanaoomba "ada ya usajili" ili wakutafutie tajiri wa kununua sarafu zako. Ungemkinga pia na hasara ya upande wa pili. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ya 1921 hadi 1946, robo ya uzito wake ni madini ya fedha. Ile ya kuanzia 1948 haina madini hayo hata chembe, na kwa macho ya haraka zinafanana. Kuna wanunuzi wanaozichukua zote kwa bei moja, na muuzaji anashukuru.

Hata hivyo, wafanyabiashara wa sarafu wanaoupinga mwongozo wana hoja, na siwezi kuipuuza. Wanasema mtu akiona bei imeandikwa, hashuki tena. Nimelishuhudia hilo Nakuru: mzee mmoja alikataa bei nzuri kabisa kwa shilingi yake iliyolika kwa sababu alikuwa ameona bei ya sarafu kama hiyo ambayo haijawahi kutumika. Mfanyabiashara naye hukaa na sarafu miaka mitatu, minne, kabla ya kupata mteja, na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza ndilo linalomlisha muda wote huo. Isitoshe, soko letu ni dogo. Mauzo mawili ya mtu mwenye haraka yanaweza kuangusha bei ya sarafu nchi nzima.

Kwa maoni yangu, ubaya unatokana na kuandika tarakimu moja. Mwongozo uweke bei mbili, anayolipa mfanyabiashara na anayouza, na kila bei iwe na tarehe. Uweke picha nne za sarafu ileile, kuanzia mpya hadi iliyolika, kwa sababu mtu wa kijijini atalinganisha picha haraka kuliko kukariri madaraja ya uchakavu. Kabla ya kuonyesha bei, uulize herufi ndogo inayoonyesha sarafu ilitengenezwa kiwanda gani: H ni ya Heaton wa Birmingham, SA ni Pretoria. Mwaka mmoja, herufi tofauti, huenda bei tofauti. Na uonye kwa maandishi makubwa dhidi ya kusugua sarafu. Mama wa Kibuye alikuwa amesugua mbili kwa majivu ziwe za kung'aa, na mikwaruzo niliiona bila kioo cha kukuzia.

Kigumu ni ushahidi. Bei anayotaja muuzaji si bei iliyolipwa, na ujumbe wa M-Pesa unaothibitisha malipo unabeba jina la mtu. Ningekubali mauzo yaliyothibitishwa na pande zote mbili, majina yakiwa yamefutwa, hata kama tutapata machache mno.

Kitambaani mlikuwa na shilingi mbili za 1944, moja ya H na nyingine ya SA. Kwenye simu tulikuta watu wanaoziuza kwa bei zilizopishana mara sita, bila mnunuzi hata mmoja. Mahali kama hapo mwongozo uandike tu, "Hakuna mauzo yaliyothibitishwa," na uiache nafasi ya bei wazi. Mama alizifunga tena akaenda nazo nyumbani.