Usiniulize ndege ina injini ngapi, niulize nani kazigusa

Mjomba wangu kila akitaka kwenda Dubai kuchukua mzigo swali lake ni moja tu, hii ndege ina injini ngapi. Ukimwambia mbili anaguna. Na ukimwambia ni 737, ile ya njia moja katikati, viti vitatu huku vitatu huku, ndo kabisaa, anasema hiyo ni ndege ya kwendea Mwanza sio ya kuvukia bahari. Sasa flydubai wanatua Zanzibar na hizo hizo 737 na watu wanafika, lakini mjomba hasikii.

Zanzibar mpaka Dubai ni kama kilomita 3,900 hivi. San Francisco mpaka Honolulu ni karibu umbali huo huo. Tofauti ni kwamba huku kwetu unapanda na pwani, upande mmoja kuna Somalia, mbele kisiwa cha Socotra, mbele zaidi Salalah ya Oman, kule California mpaka Hawaii hakuna hata kisiwa cha kutundika nguo, maji matupu. Na 737 zinapita hapo kila siku ya Mungu, shirika la Southwest walianza 2019 na leo hakuna anayeshangaa.

Woga wa mjomba una historia yake lakini, simcheki sana. 1953 Marekani waliweka sheria kwamba ndege ya injini mbili isiende mbali zaidi ya dakika 60 kutoka uwanja wa kutua, na walikuwa na haki, injini za pistoni za enzi hizo kuzimika angani halikuwa jambo la ajabu. Zikaja injini za jeti, mambo yakabadilika, 1985 shirika la TWA wakaruhusiwa kuvuka Atlantiki na Boeing 767 kwa dakika 120, na 1988 ikafunguliwa mpaka 180. Ruhusa yenyewe inaitwa ETOPS, na marubani wanazitania hizo herufi kwamba maana yake ni injini zizunguke la sivyo abiria waogelee. Ila ruhusa haitolewi kama peremende, ili upewe dakika 180 aina hiyo ya injini iwe imeonyesha kwamba inazimika angani si zaidi ya mara moja kwa saa 50,000 za kazi. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miaka mitano na nusu inazunguka usiku na mchana bila kupumzika.

Sasa hapa ndo mie na mjomba tunapoachana. Yeye anahesabu injini, mie nauliza ziliguswa na nani na lini. Mei 1983 ndege ya shirika la Eastern la Marekani, aina ya L-1011, injini tatu bwana, imetoka Miami inakwenda Nassau na watu 172. Usiku wa kuamkia safari mafundi wamebadilisha vile vifaa vya sumaku vinavyonasa chembe za chuma kwenye oili, na kwenye injini zote tatu wakasahau oringi, kipete cha mpira tu. Oili ikavuja zote. Ya katikati wakaizima wenyewe, wakageuza kurudi Miami, njiani mbili zilizobaki zikafa, ndege ikawa inashuka kuelekea baharini mpaka karibu futi 4,000 ndo wakafanikiwa kuiwasha tena ile ya kwanza na wakatua nayo. Injini tatu zimesaidia nini pale? Kosa lilikuwa moja, limerudiwa mara tatu.

Na nne pia si kinga. Juni 1982 Boeing 747 ya British Airways iliingia kwenye majivu ya volkano Galunggung kule Indonesia, zote nne zikazimika. Kikija kitu kinachowapata wote, hata ungekuwa na injini kumi zingelala kumi.

Ndo maana kitu ninachokipenda kwenye ETOPS sio zile dakika, ni kanuni ya karakana, kwamba fundi mmoja asifanye kazi ile ile kwenye injini zote mbili kwa mkupuo mmoja, na kama hakuna jinsi basi mtu mwingine aje akague. Hii kanuni haipigiwi tarumbeta popote na abiria haioni, ila kwangu mie ina thamani kuliko injini ya tatu. Angalia shirika la Air Transat la Kanada 2001, ndege aina ya A330 ya injini mbili, injini moja imebadilishwa siku chache kabla, ikafungwa bomba lisilolingana, likasuguana na bomba la mafuta mpaka hilo la mafuta likatoboka, marubani nao bila kujua wakafungulia mafuta ya upande mzima yaende upande unaovuja. Wakaelea kama dakika 19 bila injini hata moja, wakatua visiwa vya Azores kwenye Atlantiki, watu 306 wote hai. Karakana tena!

Ukinibana kuhusu hizi ndege nyembamba nitakubali jambo moja, mafuta. Hewa ikipotea ndani mkiwa katikati ya bahari lazima mshuke futi 10,000, na huko chini jeti inakunywa kama mgonjwa wa homa, kwa hiyo mafuta ya tukio hilo yanabebwa kabla hamjaondoka. Na ile nukta ya kuamua turudi au tuendelee haiko katikati ya ramani, inasogea na upepo, kitu ambacho nahodha yeyote wa jahazi anayejua kusi na kaskazi hahitaji kufundishwa. Airbus kwenye A321XLR, ndege yao nyembamba ya safari ndefu, wameongeza tangi la lita 12,900 nyuma, Iberia wa Hispania wakaanza nayo Madrid mpaka Boston Novemba 2024. Njia moja katikati, safari ya muda wa saa nane, na foleni ya choo, hilo la choo nakiri sina jibu nalo.

Nilimweleza mjomba yote haya jioni moja barazani, kahawa ikapoa. Akanyamaza, nikajua nimeshinda. Juzi kanipigia yuko uwanja wa ndege, anangoja kupanda. "Injini mbili," anasema, "na huyo fundi wako nimemtafuta simuoni."